Nilijifunza Mbio Kwenye Maegesho ya Magari

Kaeni tu, ndugu zangu, msinipigie makofi bado. Mnanijua. Mimi ndiye yule anayeinua mkono katikati ya mahubiri kuuliza swali, na nimewaona waliotazamana walipoambiwa leo nashuhudia mimi. Nimekubali kwa sababu wazazi kadhaa wamenifuata wakiuliza jambo moja. Shule ya serikali hapa Dubai inafungua tena uwanja wake jioni kwa wasichana wa shule za binafsi, je, wawapeleke? Mama mmoja aliniambia, "Wewe ulipitia huko. Si ulirudi ukiwa mgonjwa?" Nikamwambia nitajibu mbele ya wote.

Ni kweli, nilirudi mgonjwa. Sikilizeni ilivyokuwa.

Nilisoma shule ya binafsi ya bei nafuu, kama wengi wa watoto wenu. Mtu wa nyumbani akisikia shule ya binafsi ya Dubai anawaza mabwawa ya kuogelea. Sisi tulikuwa na darasa juu ya darasa, na michezo ilifanyika chini ya jengo, kwenye maegesho, magari ya walimu yakishaondolewa. Tulikimbia kati ya nguzo. Unafika mwisho, unagusa ukuta, unageuka. Nilikuwa na kasi kuliko wote, basi nikaamini mimi ni mkimbiaji.

Kisha shule ya serikali ikatufungulia uwanja wake jioni, na siku ya kwanza niliinama kuigusa njia kwa kiganja. Njia nyekundu, laini, inazunguka nyasi, na juu ni mbingu tupu. Kocha wao, waliyemwita abla kama walimu wa kike wanavyoitwa huku, alitupanga akapuliza filimbi. Nikatangulia. Halafu, katikati ya mbio, miguu ikafunga breki yenyewe. Nawaambia sikuamua. Wenzangu wakanipita.

"Yalla, yalla, kimbia! Mbona unasimama?" abla akapiga kelele.

Nikarudi kwenye mstari wa kuanzia. Tukarudia, ikawa vilevile, mahali palepale. Mwili wangu ulikuwa umezoea kwamba hapo pana ukuta.

Wasichana wa pale walicheka, na wa shuleni kwangu nao hawakuniacha. "Uliona uwanja wetu haukutoshi," mmoja aliniambia kwenye ngazi, "sasa wa watu umekushinda." Kwa hiyo kule nilikuwa mgeni, na huku nilikuwa mwenye maringo. Bado najiuliza ni nani aliyeamua kwamba mtoto awe na shule moja tu ya kumtetea.

Kisha ikaja ile jioni. Tulikuwa tunakimbia kwa mstari, mmoja nyuma ya mwingine. Nyuma yangu alikuwa mkimbiaji wao bora, sitamtaja, ambaye mashindano ya shule yalikuwa yanamsubiri. Nikafunga breki. Akanivaa mgongoni, tukaanguka wote, na yeye akaangukia mkono wake. Msichana ambaye sikuwahi kumsikia akisema ila Kiarabu na Kiingereza alilia, "Mama yangu! Mkono wangu huu!" Kiswahili safi cha Unguja.

Mkono ulivunjika. Hakuna aliyenifukuza, lakini niliwasikia akina mama wawili getini wakisema watoto wa nje wataiharibu timu. Sikurudi tena.

Ndugu zangu, watu wengi hudhani kuanguka ni kufanya maovu. Mimi nilianguka kwa kulala tu. Nikitoka shule, nalala. Chakula nakiangalia. Mama akitoka kazini hotelini ananikuta na sare ya shule mwilini, taa sijawasha. Nilikoma kuuliza maswali darasani, na ninyi mnaonijua mnaelewa hiyo ilikuwa dalili mbaya kiasi gani. Mliniombea hapahapa, mkaniwekea mikono. Nilirudi nyumbani nikalala. Sisemi hivyo kuwaudhi. Nasema kwa sababu yupo kijana humu aliyeombewa akarudi kulala, na anadhani kasoro ni yake.

Siku moja mama aliniambia ana mgeni wangu. Abla ndiye aliyewaunganisha: bibi wa yule msichana alikuwa amempigia mama simu, wakazungumza Kiswahili hadi chai ikapoa. Mjukuu wake alitaka kuniona. Akaja shuleni kwetu na bibi yake, mkono umefungwa plasta ngumu.

Nikaanza, "Pole sana, aki, mimi ndiye..."

"Shoga, hebu niache na pole zako," akanikata. "Mie nataka kujua kitu kimoja. Unapokimbia, huwa unamwogopa nani?"

Nikamshusha maegeshoni. Akatazama nguzo. Akautazama ule ukuta wa mwisho, uliojaa alama za viganja vyetu.

"Loo! Bibi, njoo uone! Wanafunzwa mbio gerejini hawa!" Akacheka mpaka akaushika ule mkono mbovu. Nami, kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu, nikacheka. Kisha akaigusa moja ya alama zile. "Basi khalas. Kesho uje. Nitasimama pale unaposimama wewe. Ukuta wako ni mimi. Nipige kiganja, upite."

Nikaenda. Akasimama pembeni ya njia, mkono mzima ameunyoosha. Nilipofika hapo miguu ikataka kukaza. Nikapiga kiganja chake, na mwili ukakubali kwamba ukuta umeshaguswa. Nikapita. Abla akapuliza filimbi turudie. Wiki zikaenda, yule msichana akawa anasogea mbali na njia kidogo kidogo, mpaka siku moja alikuwa ameketi kwenye nyasi anakula karanga, nami napita mwenyewe.

Kwenye mashindano nilikimbia badala yake kwenye timu yao. Tulishika nafasi ya pili kutoka mwisho. Naomba msiseme amina hapo.

Nimshukuru abla, bibi yule, na mama yangu aliyepokea simu ile. Nawashukuru na ninyi, kwa kuwa mlizidi kuuliza habari zangu hata nilipokuwa siwajibu. Na yule dada, ambaye hakudaiwa na mtu yeyote kuja.

Swali moja bado linanisumbua: je, kama asingekuwa na bibi wa Unguja? Wapo watoto kwenye uwanja ule ambao hawana lugha hata moja ya kulilia wakaeleweka. Sina jibu.

Ila kwa wazazi walioniuliza ninalo. Wapelekeni. Wataanguka, na pengine watamwangusha mtu. Mtoto akirudi analia, msikimbilie kumuuliza nani kamwonea, na msimwambie abaki nyumbani. Mtafuteni yule aliyeanguka naye, muwakutanishe. Halafu kesho yake jioni, mpelekeni tena.