Fyuzi Iliyoungua Siku ya Harusi

Kwenye kivuko cha kutoka Nansio kwenda Mwanza, mzee Oyugi alimwonyesha jirani yake wa benchi fyuzi ya gari iliyoungua. Abiria waliacha kutafuna karanga, kana kwamba fyuzi hiyo ni marehemu wa kuheshimiwa.

"Imeniaibisha hii," alisema. "Nampeleka binti yangu ukumbini, tarumbeta zinalia, taa za gari zikazimika! Sasa mahali pake naweka waya mnene usioungua."

Jirani huyo, mama Odeta, muuza vipuri vya magari wa Nyakato, Mwanza, alishtuka. "Shikamoo baba, lakini usithubutu! Waya hautaungua, litaungua gari."

"Marahaba. Unanitisha?"

"Bila shaka kuna waya umechubuka ukagusa bodi ya gari. Umeme ukizidi, kauzi ka ndani ya fyuzi kanakatika kabla moto haujawaka. Ishukuru."

Oyugi akaitazama tena fyuzi. Akilini alimwona binti yake Adoyo kwenye kiti cha nyuma siku ile, na shela lake refu.

"Nimeshamshukuru Mungu kanisani," akasema kwa sauti ndogo.

"Na fyuzi je?"

"Nikishukuru kidude hiki, mchungaji atanitenga!"

"Basi mshukuru Mungu kwa ajili ya fyuzi."

Walibishana hadi kivuko kikagusa gati. Oyugi akainuka, akakohoa. "Mama, dukani kwako zipo fyuzi zinazokufa upesi kama hii?"