Dharura ya Fundi Geti

Benchi lenyewe lina miguu mitatu na tofali, lakini limeshabeba uongo mzito kuliko lori la kokoto. Liko pale kona, ubavuni mwa karakana ya kuchomelea vyuma, na asubuhi ile walilikalia watatu, birika la kahawa katikati. Kulikuwa na Kocha, ambaye mara ya mwisho kuugusa mpira ni siku ulipomgonga usoni. Kulikuwa na Daktari, muuza viatu vya mitumba, aliyepewa jina hilo kwa sababu hakuna ugonjwa anaoshindwa kuueleza. Na Fundi Geti mwenyewe, mwenye karakana. Alihamia mtaa huu miezi miwili tu iliyopita, mkewe wenzake hata hawajamjua, lakini sauti yake walishaizoea kuliko ya jogoo.

— Jana nimelimaliza geti la uwanja wa shule, Fundi alisema. — Bati juu mpaka chini. Sisimizi akitaka kupita, aandike barua!

— Tumeliona, Kocha akajibu. — Watu wa mazoezi wote umewarudisha barabarani. Cheki yule.

Fundi akageuka, akakishusha kikombe. Kule mwisho wa barabara mwanamke alikuwa akija mchakamchaka, kofia ya koti imemfunika mpaka machoni, mgongoni furushi. Koti lilikuwa la kiume, lina tundu la cheche begani. Tundu lile Fundi alilitoboa mwenyewe, kwa mkono wake.

Tangu ajifungue, mkewe mgongo ulikuwa haumpi raha. Nesi alimwambia aanze mazoezi, nusu saa kila asubuhi, mwendo wa haraka, ila asibebe kitu. Jumapili Fundi akaapa mkono kifuani: “Hiyo nusu saa mtoto ni wangu.” Jumatatu akapata dharura ya kazi. Jumanne dharura. Leo tena dharura, nayo ilikuwa imo humu kikombeni, inafuka moshi. Siku zote hizo alijiambia mke atakuwa ameahirisha.

— Kabeba nini? Kocha aliuliza. — Mchanga, eh? Wanajeshi ndiyo zao. Kilo ishirini!

— Mchanga gani? Daktari akadakia. — Ule mtungi wa gesi. Imemwishia, anawahi dukani.

— Na koti la kiume? Daktari, yule kaiba betri ya gari!

— Hebu tumuulize mtu wa vyuma. Fundi, kile nini?

Wote wakamtazama. Jibu la kweli lilikuwa neno moja tu, fupi, hata mtoto mdogo angelisema. Fundi akausikia mdomo wake ukienda peke yake:

— Jeki. Jeki ya lori. Naijua kwa umbo.

Wakacheka, na kicheko chake kikawa kikubwa kuliko vyote. Mwanamke akapita ng'ambo ya barabara, hakugeuka. Kwenye mbeleko ukachomoza mguu mdogo wenye soksi ya njano. Wa pili ulikuwa mtupu.

— Jamani, mtoto! Daktari alishtuka. — Na baba yake?

— Atakuwa kafariki.

— Au kafungwa.

— Hapana, Kocha akakataa. — Huyo kakatwa miguu. Mwanaume mwenye miguu yake hawezi kumwachia mzazi mzigo ule.

— Yote miwili?

— Yote! Tena mpaka huku kwenye mapaja.

Fundi akairudisha miguu yake chini ya benchi.

— Maskini, Kocha alisema. — Si kama wewe, Fundi. Si ulituambia unaogesha, unalisha, unabembeleza, huku mkono mmoja unachomelea?

— Mm, Fundi alisema.

Alitamani barabara iwe ndefu, izunguke nchi nzima. Lakini mwanamke alikwisha fika kona, akageuza, safari hii upande wao. Akapunguza mwendo. Mkono mmoja ulikuwa kiunoni. Akasimama mbele ya benchi, akaishusha kofia.

— Hamjambo, kaka zangu?

— Hatujambo, dada.

Mtoto akachungulia begani, akamwona Fundi, akacheka kwa ufizi na kunyoosha mikono yote miwili. Mama yake alikuwa akihema. Hata hakukunja uso.

— Baba mtoto, dharura imeisha?

Kocha akamtazama Daktari. Daktari akainama kama anayetafuta ugonjwa ndani ya viatu vyake.

Fundi akasimama, akafungua fundo la mbeleko, akampokea mtoto. Mkewe akanyoosha mgongo kidogo kidogo, kama mtu anayeutafuta mahali alipouacha, kisha akaondoka zake. Kumbe ana mbio! Fundi hakuwahi kujua.

Akakaa na mtoto pajani, ameuficha ule mguu mtupu ndani ya kiganja. Kocha akainamisha birika. Halikutoa hata tone.

— Fundi, alisema polepole. — Kumbe miguu unayo.

Hakucheka mtu.