Jiwe Lenye Mshale Mwekundu

Ndugu waombolezaji, hebu oneni akilini jiwe lililokatwa mfano wa chupa ya soda, limetolewa mita elfu mbili na mia sita chini ya ardhi, limechorwa mshale mwekundu wa kuonyesha upande wake wa juu. Mzee Job Murunga aliishi na jiwe hilo karibu miaka kumi na minne.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1969 huko Chwele, Bungoma, akamaliza kidato cha nne mwaka 1987, akapata stashahada ya jiolojia Nairobi mwaka 1991, akafunga ndoa na Immaculate tarehe 6 Agosti 1994, na mwaka 1996 wakajaliwa binti, Serah.

Mwaka 2008 alikuja Juba kupanga na kutia alama vipande vya mwamba kutoka visima vya mafuta. Mafuta hayakai chini kama ziwa, yamenywewa na mwamba kama chai ndani ya mandazi, na bomba la kisima hutobolewa pale mwamba unapoonyesha mafuta. Septemba 2011 Job alichora mishale ya sanduku moja kichwa chini, juu ikasomwa kuwa chini, bomba likatobolewa pasipofaa, kisima kikatoa maji matupu. Kampuni ikasema mchukuzi, Matiya Lado, aliligeuza sanduku njiani, ikamfukuza, naye Job akanyamaza.

Kipande kimoja cha sanduku hilo alikiweka kabatini, nyumbani mtaa wa Hai Mauna, mshale ukitazama juu. Kila asubuhi kilikutwa kimegeuka, mshale chini, kama kilivyolala ardhini tangu kale, na chumba kikinuka mafuta mabichi. Immaculate alifunga kabati, akalala na ufunguo shingoni, na bado jiwe likageuka.

Januari mwaka huu wa 2025 figo zilimlemea. Tarehe 9 Februari aliomba jiwe, akaufuta mshale, akauchora upya ukielekea upande wa pili, akamwambia mkewe, "Si Matiya, ni mimi. Neno hili lisomwe nikiwa nimelala mbele ya watu wote." Tangu hapo jiwe halijageuka. Immaculate alimfuata Matiya kwake, mtaa wa Juba Na Bari, akampa maneno hayo, naye akamjibu, "Mama, mimi ilibeba tu. Watoto yangu wasikie." Job alituacha tarehe 3 Machi, alfajiri.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Hai Mauna waliopika na kukesha nasi, wafanyakazi wenzake, na Matiya, ambaye leo asubuhi ameliweka jiwe ndani ya jeneza kwa mikono yake, mshale juu.

Pumzika kwa amani, Job, pamoja na jiwe lako. Nanyi watoto wa Matiya, mlioketi safu ya pili, tunawaomba mkumbuke jambo moja tu: baba yenu alilibeba sanduku vizuri.