Ufunguo wa Duka la Kijiji

Wapendwa, Bwana asifiwe sana! Kiti sitaki, asanteni. Nikikaa nitanyamaza tena.

Ndugu zangu, tulipohamia kijiji cha ujamaa hapa Mahurunga, mimi ndiye niliyeshika ufunguo wa duka la kijiji. Sukari ilikuwa ya shida. Ikifika, kila nyumba kikombe kimoja. Mimi nilijiongezea! Kiu ilinitesa usiku na mchana, nami nikadhani dawa yake ni chai yenye sukari tele.

Nikaanza kuchoka. Kwenda kisimani tu napumzika mara tatu. Miguu ikavimba, watu wakasema nimenenepa. Nikilala pumzi inakata, moyo unakwenda mbio, nainuka, nakaa, nainuka tena. Nikasema nimerogwa.

Mume wangu Fabiani akanipeleka hospitali, Mtwara mjini. Daktari akasema, "Mama, una kisukari. Sukari ikizidi kwenye damu muda mrefu, misuli ya moyo inachoka. Moyo wako hausukumi damu inavyotakiwa, ndiyo maana maji yamejaa miguuni na kwenye mapafu. Chai unatia sukari?"

"Daktari, sukari yenyewe tunaiona wapi?"

Akacheka. Nani asiyeijua shida ile? Nikapewa vidonge, nikarudi nyumbani, nikaendelea kuiba.

Ndugu zangu, mara ya pili nilikwenda nimebebwa! Fabiani amenishika mkono. Daktari anatazama karatasi zangu, amekunja uso. "Sielewi. Dawa anakunywa, sukari haishuki."

Nikaona kifo, na bado naogopa aibu! Nikalia moyoni: Ee Yesu, nifungue kinywa! Nikasikia sauti yangu inasema, "Daktari, naiba sukari ya kijiji."

Fabiani akaachia mkono wangu, akatoka. Sijawahi kuogopa vile. Jioni akarudi na kikombe cha uji.

"Kunywa, mke wangu. Sijatia kitu."

Hallelujah! Uvimbe ulipungua, pumzi ikarudi. Moyo haujawa kama zamani, vidonge nameza hadi leo. Lakini ufunguo niliurudisha kwa kusingizia ugonjwa, na tangu siku hiyo sina raha. Leo ndiyo nasema: watoto wenu walikunywa uji mtupu kwa sababu yangu. Nisameheni!

Namshukuru Yesu aliyenifungua kinywa kabla moyo haujasimama. Nawe unayeficha jambo, mwamini Yesu, mwambie yote leo. Na daktari naye usimfiche.

Nimemaliza. Sasa, kama bado mnanitaka hapa, naomba kile kiti.