Kendrell Guillory na Jaribio la Agosti

Ndugu waombolezaji, marehemu Kendrell Guillory alizaliwa tarehe 9 Machi 1986 hapa Opelousas, Louisiana, mtoto wa kwanza wa Bi. Odelia, mpishi wa shule, aliyemlea yeye na mdogo wake Javon peke yake.

Alisoma hapa hadi mwaka 2004, akaenda chuo kikuu kwa ufadhili wa futiboli ya Kimarekani, na mwaka 2008 akasajiliwa na klabu ya kulipwa, akacheza misimu tisa kama mlinzi wa nyuma, kazi ya kukimbia kinyumenyume ukimkodolea macho mpinzani, kisha kumvamia kwa bega na kichwa.

Kila Agosti wachezaji hupimwa kumbukumbu, ili wakigongwa kichwa katikati ya msimu wapimwe tena na matokeo yalinganishwe, na Kendrell alikuwa akikosea makusudi, ili hata akiwa na kizunguzungu aonekane yuleyule, aruhusiwe kucheza. Javon aliposajiliwa mwaka 2017, alimfundisha mezani kwa mama yao, “Dogo, Agosti jifanye mjinga, Oktoba utacheza,” Javon akamjibu, “Wewe kaka hujifanyi, ndivyo ulivyo,” wakacheka, na mama akacheka nao.

Tarehe 12 Juni 2010 alifunga ndoa na Simone, wakajaliwa mabinti wawili, Amaya na Corinne.

Ugonjwa wa ubongo, wa kugongwa kichwa miaka yote hiyo, ulianza mwaka 2019, akasahau njia ya nyumbani, kisha akawa anatembea kinyumenyume sebuleni, akimtazama mkewe kama mpinzani, hata Simone akawa analala na mabinti, mlango wameutia komeo. Tarehe 2 Juni 2024 alirudi nyuma hivyo hivyo hadi ngazini, akaanguka, akafariki kesho yake hospitalini Lafayette.

Jumanne, nyumba ikiwa imejaa watu, Javon aliingia jikoni akauliza, “Mama, mbona Kendrell anachelewa?” Mama akamshika mkono, akamwambia kaka yake amefariki, Javon akalia sana, na kabla sahani hazijakauka akauliza tena. Bi. Odelia ameagiza hili lisomwe hapa, mbele ya wachezaji wenzake, ili Agosti hii pasiwe na wa kujifanya mjinga kwenye jaribio.

Tunawashukuru madaktari, ambao Jumatatu watampokea Javon, majirani waliotulisha wiki nzima, na wachezaji waliobeba jeneza.

Pumzika kwa amani, Kendrell, na mdogo wako umwachie mama.