Kisima cha Upande Wetu

Asanteni kwa salamu, jamani. Mwenyekiti kanipa dakika chache, na miye nikishika maneno siachi, basi mnikatize.

Wageni wa kikundi chetu cha bustani hawajui haya. Miaka ile ya fujo za kura, mtaa wetu uligawika. Salamu haijibiwi, maziko hayahudhuriwi, dukani kwao hatununui. Mwishowe wanaume wetu wakachimba kisima kingine karibu na pwani, ili tusikutane na wenzetu wa chama kile kwenye maji. Ndugu zangu, nawaambia, tulipiga vigelegele! Haukupita muda, maji yakawa ya chumvi, chai hainyweki. Tukayanywa hivyo hivyo, kwa ukaidi.

Siku bunduki zilipolia mjini, mume wangu aliletwa kabebwa, ana risasi pajani. Waliomleta wakamtua ukumbini wakakimbilia msituni, na majirani wote wa upande wetu walikuwa huko huko. Aliyeingia ni Bi jirani wa chama kile, aliyewahi kufundishwa huduma ya kwanza, kanga mkononi. Nikamfokea, "Toka kwangu!" Wallahi nilimchukia.

"Shika mguu huu, kelele baadaye," akasema. "Hata majeshi yakipigana, majeruhi haulizwi upande wake. Ndivyo tulivyofundishwa."

Akalifunga jeraha kwa kanga ile mpaka damu ikakatika. Mume wangu alipona, alhamdulillahi, lakini kupanda mkarafuu ndiyo basi tena. Nikasema nitalima tungule, nyanya zetu hizi, niwalishe wanangu. Kwa maji gani? Yale ya chumvi yaliniunguzia miche yote. Nikajikaza, nikabeba ndoo mpaka kisima chao. Wanawake wakanizuia.

"Nenda kwenye chenu!"

Bi jirani akaja, akanichotea kwa mkono wake. "Maji hayazuiwi hata vitani," akawaambia. "Na siye hapa tumepiga kura tu!"

Kisha mmoja akasogea, wengine wakamfuata, wakanipisha. Lahaula, nililia pale pale, ndoo kichwani.

Bustani ya kikundi ilianzia hapo, vyama vyote viwili, maji ya kisima kimoja. Tungule zile ndizo zilizonisomeshea wanangu. Nawashukuru nyote mliosogea siku ile. Bi jirani mwenyewe yupo hapa, kainamisha kichwa, hapendi kusifiwa. Funzo langu ni dogo: shindaneni majukwaani mpaka mkaukwe na sauti, lakini maji, mgonjwa na maiti viacheni.

Kura ijayo nitampinga tena, naye anajua. Ila kesho asubuhi zamu ya kumwagilia ni yake na yangu, na akichelewa nitamgongea mlango.