Bawabu Aliyeuawa Kabla ya Salamu

"Kama mmoja anaweza kila kitu, sisi wengine tumekuja mezani kufanya nini?" Kanyiva aliuliza hivyo Jumamosi, sebuleni mwa nyumba moja ya Woodley, na wenzake wakaziangalia dadu zao kana kwamba jibu limeandikwa humo. Leo ni Alhamisi, saa kumi, na swali amelibeba mpaka kwenye benchi ya kahawa nyuma ya soko la Kangemi, maana Oduor, mwenye kosa, hunywa hapo. Yupo Jamleck muuza vipuri, aitwaye Kamishna kwa kupenda kuhoji watu, na Dalmas fundi wa mabomba, aitwaye VAR, kama ile video ya marefa wa soka, kwa kuwa hakuna neno linalompita bila kukaguliwa upya. Kanyiva ni msemaji wa kwanza wa timu ya mdahalo chuoni. Hasira yake haijui kuketi.

— Kwanza huo mchezo ni nini? Kamishna alihoji. Karata?

— Ni hadithi, mzee. Kila mtu anachagua wa kuwa: mpiganaji, mganga, mvunja kufuli. Mimi ni mpatanishi, kazi yangu ni mdomo. Dadu ndizo zinaamua kama umefaulu.

— Na huyu?

— Huyu amechovya kila chungu! Upanga wa wapiganaji, mbio za wezi, na uchawi juu. Mtu mmoja, kazi tano.

— Kitabu cha sheria kinaruhusu, Oduor alijitetea. Nimekisoma wiki tatu. Sasa kusoma ni makosa?

VAR aliinua kidole.

— Turudi hapo. Hiyo ni timu ya mastraika kumi na moja.

— Itafunga magoli! Kamishna alisema.

— Na itafungwa. Haba na haba hujaza kibaba.

— Hiyo methali imeingiaje?

— Tulia, itaingia.

— Mimi najua chanzo, Kamishna alisema. Mtu wa kazi zote ni kifungua mimba: alipika, akachunga, akalea. Oduor, wewe ni wa ngapi?

— Wa sita.

— Basi wa kwanza kwenu ni mvivu, ukarithi.

— Cheki kuku, VAR alidakia. Ana mbawa, ana mbio, anachimba, anaamsha mtaa. Na bado anachinjwa yeye! Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

Kanyiva alicheka bila kupenda, kisha akakumbuka kilichomleta.

— Tulifika lango la mji. Bawabu amesimama. Nikaanza, "Habari ya..." Huyu akachomoa upanga, akamuua! Sasa wenzetu wanasema mpatanishi hana kazi, nirarue karatasi yake. Mwaka mzima nimemlea! Jumamosi nije na mpiga mishale, ama nisije.

— Bawabu alikuwa na mkuki, Oduor alisema.

— Alikuwa kazini!

Mama Peres, muuza mboga wa sokoni, aliyekuwa ndio kwanza anatua gunia lake la sukuma, alipokea kikombe akiwa bado amesimama.

— Wanangu, na hilo lango linafunguliwaje?

Oduor aliweka kikombe chini.

— Tulimpekua, Oduor alisema polepole. Hakuwa na ufunguo. Nililigonga lango kwa bega, kwa uchawi, kwa kila kitu. Halikutikisika.

— Eh. Mlimuua mwenye kujua.

— Lakini kuna mtu ndani, mathe. Tulipoishia, sauti ya mwanamke ilikuwa inauliza, "Ni nani hapo?"

Kanyiva alimgeukia. Sauti yake ya mdahalo ilikuwa imepoa.

— Oduor, Jumamosi niache mimi nimjibu.